Lazaro Alikuwa na Jina



Mfano wa tajiri na Lazaro, ulioandikwa na Mt. Luka katika sura ya 16 ya Injili yake, twausikia kanisani tangu utoto, hata masikio yetu yameuzoea kama mlio wa kengele ya asubuhi. Twajua yote yaliyomo: mavazi ya zambarau na kitani safi, karamu za kila siku, maskini mwenye vidonda aliyelazwa mlangoni, mbwa waliomlamba, na makombo aliyoyatamani. Twajua pia mwisho wao wote wawili. Lakini limo jambo moja dogo ambalo wengi wetu hulipita bila kulitazama. Maskini ana jina, tajiri hana.

Mifano ya Bwana wetu Yezu Kristu imejaa watu wa kila namna: mpanzi na mchungaji, mwana mpotevu na baba yake, mwanamke aliyefagia nyumba akitafuta sarafu yake, mwenye shamba na vibarua wake. Wote hao hawakutajwa majina. Ukimwacha babu yetu Abrahamu, Lazaro peke yake ndiye aliyepewa jina, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho kabisa machoni pa watu. Jina lenyewe lina maana: Mungu amenisaidia. Yule aliyejulikana mjini kote, aliyesalimiwa na wakubwa, ambaye bila shaka jina lake liliandikwa katika hati za nyumba na za mashamba, Bwana alimwita “mtu mmoja tajiri” tu, akaishia hapo.

Hilo halikutokea kwa bahati. Mbinguni orodha husomwa tofauti na duniani. Basi leo twataka kuwauliza Wakristu wenzetu, hasa sisi tunaokaa Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria: je, katika orodha zetu za hapa duniani, Lazaro ameandikwa?

ORODHA YA MELI

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ilipokuwa imekaribia Mwanza, ikitoka Bukoba. Nchi nzima iliomboleza. Hata leo, ukifika makaburi ya Igoma, utaona walipozikwa wengi miongoni mwa marehemu hao. Watu waliokufa walikuwa mamia kwa mamia, na hesabu zinazotajwa zaachana sana: wengine husema mia tano na zaidi, wengine hukaribia elfu moja. Kwa nini hesabu ziachane hivyo? Habari zilizoandikwa baada ya ajali zaeleza kwamba orodha ya abiria ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo, hawakuwa na orodha.

Tusome tena maneno hayo polepole. Hawakuwa na orodha. Mama aliyekuwa na ndizi zake za kuuza, mwanafunzi aliyerudi shuleni, kibarua aliyetafuta kazi mjini: hao walipanda meli ile ile, wakavuka maji yale yale, wakafa kifo kile kile. Lakini aliyelipa zaidi aliandikwa, na aliyelipa kidogo hakuandikwa. Jamaa zao walipofika Mwanza kuuliza, hapakuwa na karatasi ya kuwajibu.

Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugolora, Ukerewe. Kivuko hicho kilitengenezwa kuchukua watu 101. Waliokufa walikuwa 228 na waliookolewa 41. Hesabu ya waliokuwamo ilijulikana kwa kuhesabu maiti na kuhesabu waliopona.

Kisha, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilianguka ziwani ilipokuwa ikitua Bukoba. Walikuwamo watu 43; wakafa 19, wakapona 24. Kwa kuwa abiria wa ndege huandikwa wote kwa majina, idadi yao ilijulikana mapema. Wala hatuwaonei kijicho marehemu hao, maana kila mmoja wao ni mtoto wa Mungu, na kila jina lao lilililiwa na mama. Twakumbusha tu jambo ambalo nchi nzima ililiona siku ile. Waliofika mapema na mitumbwi yao kuwaokoa wenye tiketi za ndege walikuwa wavuvi, yaani watu wale wale ambao wao wenyewe wakienda ziwani usiku, mara nyingi hakuna aliyeandika wameondoka wangapi.

DAFTARI LA KAMBINI

Yafaa sasa tushuke mwaloni tutazame maisha ya hao wavuvi. Sangara hakuwa samaki wa asili wa ziwa letu. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufika miaka ya 1980 akawa mwingi ajabu, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikasimama Mwanza. Fedha ikaingia, vijana wengi wakapata kazi, nyumba zikajengwa. Hayo ni mema, nasi hatuyakatai. Lakini mnofu ulipanda ndege kwenda Ulaya, bondo likasafirishwa kwenda Asia ya Mashariki kwa bei inayoushinda mnofu mara nyingi, na kilichobaki mjini ni vichwa na mifupa. Wanawake wa Mwanza wakaikaanga mifupa hiyo, wakaiuza kwa jina la mapanki, na maskini wakapata kitoweo. Msomaji wa Injili hahitaji mwalimu wa kumwonyesha makombo yaliyoanguka kutoka mezani.

Pale kambini, Kome au Ukerewe au kwingineko, mwenye mitumbwi na nyavu huitwa “tajiri”. Huitwa hivyo kila siku, kana kwamba hilo ndilo jina alilobatizwa. Naye anao mzigo wake: injini huibwa, nyavu hukatika, mafuta hupanda bei. Mara nyingi hesabu hufanywa hivi: kwanza hutolewa gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki chagawanywa baina ya mwenye chombo na wavuvi wake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa hupumzika. Ndipo wengi wao huketi kuhesabiana.

Mpango huo waweza kuwa wa haki kabisa. Lakini ni nani ashikaye daftari? Ni nani aliyeona mafuta yaliyonunuliwa, na kwa bei gani? Mvuvi aliyekesha siku ishirini huambiwa mwishoni kwamba gharama zimemeza kila kitu, naye hana karatasi ya kuonyesha wala mtu wa kumwuliza. Kuna daftari moja tu ambamo jina lake halikosi kuandikwa, nalo ni daftari la madeni ya duka la kambini. Humo ameandikwa vizuri, kwa jina la ubatizo na la baba yake, pamoja na sukari aliyokopa. Akizama ziwani, daftari hilo laweza kuwa maandishi peke yake yanayoshuhudia kwamba alipata kuwako.

Ndiyo maana twasema kwamba ubaya wa umaskini hauko katika uchache wa shilingi peke yake. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, walisema wazee, nao walisema kweli. Lakini lipo jambo baya zaidi ya kutojua njaa ya mwenzako: kutojua kwamba mwenzako yupo. Yule tajiri wa Injili hakumpiga Lazaro, wala hakumfukuza mlangoni. Alipita tu, akitoka na akiingia.

MAFUNDISHO YA KANISA

Wengine hudhani kwamba padre akitaja mishahara na migawo ameacha Injili na kuingia siasa. Hawajui mafundisho ya Mama yao Kanisa. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, aliwakemea Wakristu waliompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwacha mwenye nguo chakavu asimame. Katika sura ya tano aliwaonya matajiri kwamba ujira waliowanyima vibarua walia wenyewe mbele ya Mungu. Mt. Yohane Krisostomo, alipokuwa padre wa Antiokia katika karne ya nne, alitoa mahubiri mengi juu ya Lazaro huyu huyu, akafundisha kwamba kutowashirikisha maskini mali yetu ni sawa na kuwaibia.

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake *Rerum Novarum* ya mwaka 1891, alifundisha juu ya ujira wa haki, na mafundisho yake yajibu sawasawa neno tunalolisikia mialoni: “Lakini wamekubali wenyewe.” Papa alieleza kwamba mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida tu, au kwa kuogopa kupata mabaya zaidi, makubaliano hayo hayana haki; ameonewa. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII alirudia mafundisho hayo katika *Mater et Magistra*, na mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Mungu aliiumba dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Mwaka 2025 Papa Leo XIV, aliyejichagulia jina hilo kwa kumkumbuka Leo XIII, alitoa *Dilexi te*, waraka unaohusu upendo kwa maskini. Basi hatuhubiri jambo jipya.

Wala hatusemi kwamba watu wote lazima wawe na mali sawa, au kwamba kumiliki mtumbwi ni dhambi. Kanisa halifundishi wivu wala chuki. Lafundisha kwamba tofauti ya mali haiwezi kuwa tofauti ya utu. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kabla ya sadaka huja haki. Na anayempunja mvuvi wake mwezi mzima, kisha akatoa ng'ombe kwa sikukuu ya parokia, ametoa kisicho chake.

Pengine msomaji atasema: “Mbona maskini naye ana makosa? Akipata fedha huzimaliza kwa pombe.” Ni kweli wako wafanyao hivyo, na watoto wao waumia, twawakemea mara nyingi katika ukurasa huu. Lakini deni halifutwi kwa tabia ya anayedai. Mlipe kwanza, kisha mshauri. Maneno ya kiasi yasikika vizuri zaidi kinywani mwa mtu aliyelipa.

MIZANI YA PAMBA

Wako wanaokata tamaa wakisema dunia ndivyo ilivyo, mkubwa ni mkubwa na mdogo ni mdogo. Twawaomba wakumbuke historia ya Usukuma wao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walichoshwa na mizani za wanunuzi. Mkulima alileta pamba yake, akaambiwa uzito, akachukua alichopewa. Hawakuchoma maghala. Walianza kwa jambo dogo: waliweka watu wao wa kuangalia upimaji. Wakaunda chama chao, wakiongozwa na kijana Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Miaka michache baadaye muungano huo ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika, wenye viwanda vyake vya kuchambulia pamba.

Tukiwa wakweli tutaeleza na upande wa pili. Ushirika nao ulikuja kupatwa na wakubwa wake, madeni yake na madaftari yake yasiyosomeka. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na baada ya kurudishwa miaka ya 1980 havikuipata tena nguvu ile ya kwanza. Hilo nalo ni fundisho. Mnyonge akipata mizani, asiifiche kama alivyofichwa. Haki hudumu mahali ambapo kila mwanachama aweza kuingia na kuomba kuonyeshwa hesabu, naye akaonyeshwa bila kutukanwa.

“NA WENGINEO”

Tusiishie mwaloni, tusije tukafanana na yule Farisayo aliyeziona dhambi za mwenzake tu. Mjini Mwanza, aliyejenga Capri Point na aliyejenga juu ya mawe ya Mabatini au Igogo walitazama ziwa moja. Lakini kwa miaka mingi mmoja amefungua bomba, na mwingine amepanda mlima na ndoo kichwani. Katika nyumba zetu nyingi za Kikatoliki yumo msichana aliyetoka kijijini, anayelea watoto, anayepika, anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Watoto humwita dada, na hilo ni jina zuri. Lakini mwulize baba wa nyumba jina kamili la msichana huyo, na kijiji chake, na kama huenda Misa. Wengi watababaika. Hana mkataba, ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka masharti ya kazi yaandikwe. Jumapili familia yaenda kanisani kwa gari, naye abaki akichunga sufuria.

Na kanisani kwenyewe? Michango ya ujenzi ikisomwa, aliyetoa milioni hutajwa kwa jina, kwa cheo na kwa vigelegele. Waliotoa mia tano mia tano hutajwa kwa neno moja: “na wengineo”. Hilo “na wengineo” ndilo daraja la tatu la parokia zetu. Bwana wetu alipoketi mbele ya sanduku la hazina aliwaona wengi wakitia nyingi, lakini aliyemsifu mbele ya mitume ni mjane wa senti mbili. Tukiandika orodha kinyume cha orodha yake, twamfuata nani?

YATUPASAYO

Kwa hiyo twawasihi Wakristu wote wa nchi hii, kila mmoja kwa hali yake, mambo manne, nayo si magumu.

Kwanza, mwenye chombo, awe ni mwenye mtumbwi mmoja, basi au meli: andika majina ya wote wanaopanda kabla hakijaondoka, na orodha ibaki nchi kavu mikononi mwa mtu mwaminifu. Kalamu na daftari havizidi bei ya lita moja ya mafuta. Siku ya msiba, karatasi hiyo itakuwa rehema kwa mama wa watu.

Pili, mwajiri: hesabu ifanyike hadharani, risiti za mafuta na barafu zikiwa mezani, na mvuvi au mwakilishi wao awe na nakala yake. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mwenzake anayejua. Mwenye mtumishi wa nyumbani aandike mapatano yao, amlipe kwa tarehe, ampe Jumapili yake.

Tatu, mfanyakazi: fanya kazi kwa uaminifu, usiuze samaki wa tajiri wako njiani gizani, maana wizi wa mnyonge nao ni wizi. Lakini usione haya kuuliza hesabu yako. Jiungeni katika vyama halali, chagueni viongozi wanaomcha Mungu, nanyi mwaangalie hao pia.

Nne, sisi mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: tuwajue watu wetu kwa majina, kuanzia wa mwisho. Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake. Mgonjwa wa kibanda cha mabati atembelewe kama mgonjwa wa ghorofa. Maiti ya maskini isindikizwe kwa sala zile zile, wala tusiwe na padre mmoja asiyepatikana kwa huyu na watano kwa yule.

Mwaka 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya maji ambayo zamani watu waliyavuka kwa kivuko. Juu ya daraja hilo lori, baiskeli na gari la mkubwa vyapita njia moja. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini yule tajiri wa Injili aliambiwa habari ya shimo kubwa lililowekwa kati yake na Lazaro, ambalo hakuna awezaye kulivuka. Shimo hilo hakulichimba siku ya kufa kwake. Alilichimba kidogo kidogo, kila asubuhi alipopita mlangoni pake bila kuinama. Sisi tungali hai. Kwetu njia ya kuvuka bado iko wazi, na urefu wake hauzidi hatua zilizopo kati ya meza yetu na mlango wetu.

Katika Misa zetu tuwaombee marehemu wa ziwa hili, hasa wale ambao hakuna orodha iliyowataja. Mungu awajua. Jina la kila mmoja wao li wazi mbele yake, na siku atakapolisoma kwa sauti, atatuuliza nasi kama tuliwahi kulijua.

Raha ya milele uwape, ee Bwana. Nasi utujalie macho ya kumwona aliye mlangoni.